Klabu yetu ni ya wanachama tu: leseni ya vileo ya nini?

*Swali:* Mimi ni katibu wa chama cha watu 38, wengi wetu wastaafu wa bandari na reli. Tumekodi nyumba ya zamani Tudor, Mombasa, karibu na maji. Ijumaa na Jumamosi twakutana hapo kwa bao, drafti, mishkaki na mpira kwenye runinga, na Jumamosi kuna kijana atupigia kinanda. Bia twanunua kwa jumla, twauziana wenyewe kwa wenyewe kwa kuongeza shilingi chache za umeme na barafu. Wiki iliyopita walikuja maafisa wakauliza leseni. Mwenyekiti wetu asema mahali pa faragha hapahitaji leseni kwa kuwa hatuuzi kwa umma. Ni kweli? Na je, wageni wetu waweza kulipa kiingilio mlangoni? Tena kuna mtu ataka kukodi ukumbi mwezi ujao kwa harusi ya mwanawe.

*Jibu:* Mzee katibu, shikamoo. Nianze na mwenyekiti wako, kwa heshima zote: hapo amekosea. Si yeye peke yake. Kila mwaka nakutana na klabu mbili tatu zinazoamini hivyo hivyo, na kwa kawaida huja kwangu baada ya kreti kubebwa, si kabla.

Sheria ya Kenya ya kudhibiti vileo ya 2010, ile tuliyoizoea kwa jina la Mututho kutokana na John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, haijali mlango wenu umefunguliwa au umefungwa. Inachotazama ni mauzo. Bia ikitoka upande mmoja wa kaunta na pesa zikatoka upande wa pili, pameuzwa, hata kama muuzaji na mnunuzi walifanya kazi gati moja miaka thelathini. Kuziita pesa hizo mchango, au kuuza tikiti za plastiki halafu tikiti ndiyo inunue bia, hakumbadilishii hakimu picha. Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye jedwali la aina za leseni la sheria yenyewe. Humo mna ya baa, ya hoteli, ya mkahawa, ya muuzaji wa jumla, na mna ya klabu ya wanachama, imewekwa mbali na ile ya klabu inayomilikiwa na mtu au kampuni kwa biashara, yaani hizi klabu za usiku. Kama klabu ya wanachama ingekuwa huru, isingetengenezewa leseni yake.

Nadhani najua fikra hii ilikotoka. Sisi tuliokulia kisiwani tumekua tukizitazama klabu za wakoloni kutoka nje ya ukuta, kama ile Mombasa Club iliyo ubavuni mwa Ngome ya Yesu tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia ila abebe sinia. Aliyekuwa nje alisikia glasi na kicheko, hakuona askari akigonga, akahitimisha kwamba mle ndani sheria haiingii. Iliingia. Hata sheria ya vileo ya zamani, iliyofutwa na hii ya 2010, ilikuwa na leseni ya klabu.

Isipokuwa kuna upande mmoja ambao mwenyekiti yuko sawa. Mkikutana na kila mtu akaja na chupa yake mwenyewe, hakuna anayemuuzia mwenziwe, hapo hapana mauzo na leseni ya kuuza haiwahusu. Likumbukeni hilo, nitalirudia mwisho.

Sasa muombe leseni kwa nani? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti leseni za vileo na burudani za umma. Kwa hiyo ofisi yenu ni ya Kaunti ya Mombasa, na kwa kuwa mko Tudor, maombi yenu yatapitia kamati ya kaunti ndogo ya Mvita. Nasema hivi kwa sababu katika kila kikao hakosekani mtu mwenye rafiki Mtwapa "aliyepewa kwa siku tatu bila karatasi hizi zote". Ukishavuka daraja la Mtwapa uko Kilifi, kaunti nyingine, sheria yake na ada zake. Ada za Mombasa zimo kwenye sheria ya fedha ya kaunti, nayo hubadilika, kwa hiyo msikubali kutajiwa kiwango kwa mdomo. Ombeni ankara, lipeni kwenye mfumo wa kaunti, mchukue risiti. Leseni ni ya mwaka mmoja, na maombi hutangazwa ili mwenye pingamizi apinge. Jirani yenu anayo haki hiyo, na nawahakikishia anaijua.

Nije kwenye kiini. Leseni ya klabu ya wanachama haipewi nyumba, hupewa umoja wa watu. Kamati itataka kuona kwamba umoja huo upo kweli. Chama chenu kimesajiliwa wapi? Mkiwa mmesajiliwa kama kikundi cha kijamii cha kuweka akiba na kuzikana, hiyo si klabu. Sheria ya vyama, Sura ya 108, inahesabu umoja wa watu kumi au zaidi kuwa chama, na klabu imetajwa humo waziwazi. Huko ndiko penye mlango wenu, kwa Msajili wa Vyama, mkiwa na katiba inayosema klabu ni ya nini, nani anaingia na kwa utaratibu gani, nani anasimamia vinywaji, na ziada ya pesa inakwenda wapi. Hilo la mwisho ndilo linalowapambanua na baa. Ziada ya baa huenda kwa mwenye baa. Ziada yenu sharti irudi kwa klabu: paa, viti, umeme, rambirambi. Anayewahudumia alipwe mshahara, asilipwe kwa idadi ya chupa alizouza. Na bia ziwe mali ya klabu, zimenunuliwa kwa jina la klabu, si za mwanachama mmoja mwenye gari la kubebea anayewauzia ninyi nyote kwa faida yake. Samahani kama kuna mtu hapo nimemgusa.

Uingereza, ambako mtindo huu wa klabu ulizaliwa, sheria yao ya 2003 inataka klabu ya namna hii iwe na wanachama wasiopungua 25, na kati ya mtu kuomba uanachama na kuanza kunywa pasipungue siku mbili. Sheria hiyo haitubani sisi, lakini zile siku mbili naziona ni busara tupu na huziweka katika kila katiba ya klabu ninayosaidia kuandika. Sababu ni moja. Klabu inayomsajili mtu mlangoni saa tatu usiku na kumpa bia saa tatu na dakika moja ni baa yenye daftari.

Na daftari lenyewe. Miaka kadhaa nyuma niliitwa na klabu moja hapa kisiwani, jina nalihifadhi, iliyokuwa inapinga kunyang'anywa leseni. Wakaleta daftari la wanachama, zuri, jalada gumu. Tulipolifungua, majina ya miezi kumi na moja yalikuwa yameandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, hata wino haujabadilika rangi. Niliwaambia wasilipeleke. Walilipeleka. Kwa hiyo, mzee wangu, anzeni leo na andikeni yaliyo kweli hata yakiwa na mapengo: jina, tarehe ya kuomba, waliompendekeza, kikao kilichompitisha, ada aliyolipa. Wageni nao wawe na kitabu chao. Mwanachama aliyemleta anatia sahihi, mgeni anatia sahihi, saa inaandikwa, na wekeni kikomo cha wageni kwa mwanachama mmoja. Wawili watatu watosha. Ila kitabu hicho kisilale wazi mezani kila apitaye asome namba za vitambulisho na simu za watu. Tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na taarifa za mgeni wako ni amana.

Kutoka hapo, swali la kiingilio linajijibu. Mgeni wa klabu ni mgeni wa mtu. Akilipa mlangoni, amekuwa mteja, na mahali panapopokea wateja ni pa umma. Mwanachama aliyemleta ndiye anunue, au alipie ada ya mgeni kama katiba yenu inayo. Na vijana wenu wakitengeneza bango la simu lenye "karibuni nyote Jumamosi, kinanda mubashara", likasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, mmeshajitolea ushahidi wenyewe. Nimeona bango la namna hiyo likichapishwa kwa rangi na kuwekwa mbele ya kamati.

Kabla hamjatumia pesa kwa wakili au fundi, chukueni tepu. Sheria ya 2010 inakataza leseni mpya ya kunywea papo hapo ikiwa mahali penyewe hapajafikisha mita 300 kutoka shule ya chekechea, msingi, sekondari "au taasisi nyingine ya mafunzo" ya walio chini ya miaka 18. Bara watu huishia kuhesabu shule tu. Hapa kwetu nawasihi mhesabu na madrasa. Kuna mawakili watakaowaambia madrasa si shule, na labda watawavutia kwa hoja nzuri. Mimi nayasoma maneno ya sheria kama yalivyo: mahali watoto wanapokaa wakafundishwa ni mahali pa mafunzo. Tena acha sheria kando. Leseni iliyopatikana kwa kubishana kwamba chuo cha Qurani cha mtaa hakihesabiwi ni leseni itakayopingwa kila mwaka ikija kufanywa upya, na wapingaji watakuwa watu mnaozikana nao. Kama nyumba iko ndani ya mita hizo 300, tafuteni nyumba nyingine. Tudor imejaa shule, kwa hiyo lisije likawashtua.

Nyumba ikivuka mtihani huo, muulizeni mwenye nyumba hati yake inaruhusu nini. Nyingi za pale ni za makazi, na kuigeuza nyumba ya makazi kuwa klabu kunahitaji kibali cha kaunti cha kubadili matumizi chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019. Watu hulisahau hili kwa sababu ofisi ya mipango na ofisi ya vileo si mlango mmoja. Hukumbuka jirani anapokwenda mahakamani. Mambo mengine ya ukaguzi ni ya kawaida na hayana siri: vyoo vya wanawake na vya wanaume, mitungi ya kuzimia moto iliyokaguliwa, njia ya pili ya kutokea, kibali cha biashara, na mchoma mishkaki wenu awe na cheti cha afya, ambacho hupimwa upya kila miezi sita.

Wajukuu. Najua wanakuja Jumamosi kula mishkaki na babu. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia sehemu ambamo vileo vinauzwa au vinanywewa. Kama uwanja wa nyuma una lango lake na kaunta iko ndani, wakae uwanjani na bia zibaki ndani, na hapo pawe na ukuta au mlango wa kweli, si kamba ya kuanikia nguo. Mmesikia huenda na habari ya miaka 21. Hiyo ni pendekezo la sera ya taifa ya 2025. Kwenye sheria bado ni 18.

Saa za kuuza ndizo zinazoleta ugomvi kwa urahisi. Baa ya kawaida chini ya sheria ya 2010 huuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Wikendi na sikukuu huanza saa nane mchana, mwisho ni saa tano usiku vilevile. Ninyi mtafuata zitakazoandikwa kwenye leseni yenu. Isomeni siku ile ile mnayokabidhiwa, kisha muitundike mahali inapoonekana, pamoja na bango la kukataza kuwauzia watoto. Mnunuzi wenu naye aangalie stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato, kwenye kila chupa, kila mara. Chupa isiyo na stempu hainunuliki hata ikiwa nusu bei, na mnazi wa dumu ubaki kwenye mangwe, vilabu vyake.

Sasa nimzungumzie huyo kijana wa kinanda, maana kwa maoni yangu huyo ndiye hatari yenu kubwa kuliko bia.

Klabu za wazee hazifungwi kwa sababu ya ulevi. Hufungwa kwa sababu ya spika. Kanuni za kelele za 2009, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinagawa siku mara mbili: mchana ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, usiku ni kuanzia hapo hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mahali pa makazi, kiwango cha nje mchana ni desibeli 50. Makazi yaliyochanganyika na biashara na sehemu za starehe ni 55, na eneo la biashara ni 60. Ukifika usiku, yote hayo huangukia namba moja: 35. Desibeli 35 ni kama maktaba ambamo watu wananong'onezana. Yaani baraza ya mishkaki ikianza kuchangamka, saa mbili na dakika moja, sheria inawataka muwe wapole kuliko feni ya dari. Mtu anaweza kusema kiwango hicho hakitekelezeki katika mji huu, na mimi sitabishana naye. Lakini ndicho atakachopimiwa nacho siku jirani akilalamika, na kaunti nayo ina mamlaka yake ya kudhibiti kelele kwa mujibu wa Katiba.

Mko karibu na maji, hilo nalo laongeza kazi. Usiku sauti husafiri mbali juu ya maji, na upepo ukiwa wa kusi, anayewasikia vizuri zaidi yuko kaskazini yenu, pengine ng'ambo ya mkono wa bahari, mtu ambaye hamjawahi kumfikiria kama jirani. Makuti hayazuii kitu. Mlio mzito wa besi hupita hata ukuta wa mawe ya matumbawe. Ushauri wangu ni wa kizamani: kinanda kiingizwe ndani, spika zielekezwe chini na upande wa chumba chenye watu, besi ipunguzwe mpaka kijana alalamike, na muziki uishe saa mbili kamili. Halafu mmoja wenu, asiye mnywaji, atoke atembee mpaka kwenye uzio wa jirani akasikilize. Mpeni jirani namba ya simu ya katibu. Jirani mwenye namba ya kukupigia hupiga kwako kabla hajapiga kituoni.

Muziki una deni jingine dogo. Kupiga nyimbo za watu kwenye klabu, ziwe za kinanda au za redio, kunadaiwa mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo, kwa mujibu wa sheria ya hakimiliki ya 2001. Anayekusanya ni chama cha wasanii chenye leseni ya KECOBO, bodi ya hakimiliki, na vyama hivi hupata na kupoteza leseni. Kabla ya kulipa, hakikisheni chama kilichowatumia ankara kina leseni ya mwaka huo. Mpira nao: kadi ya king'amuzi ya nyumbani kwa mwenyekiti haifai kwenye klabu, mnahitaji kifurushi cha biashara.

Shisha hamkuniuliza, lakini wageni wenu vijana watauliza. Ilipigwa marufuku Desemba 2017. Januari 2025 mahakama ya hakimu pale Shanzu iliwaachilia watu 48 walioshtakiwa nayo, ikisema kanuni zile hazikupelekwa bungeni inavyotakiwa, na tangu hapo watu wamekuwa wakisema shisha imehalalishwa. Uamuzi wa hakimu hauzifungi mikono mahakama nyingine, na Mahakama Kuu ilikuwa imeiacha marufuku hiyo isimame mwaka 2018. Msiwe ninyi wa kuijaribu.

Harusi basi. Kama ni ya mtoto wa mwanachama na walioalikwa wanakuja kula biriani na kunywa sharubati, hapana shida ya vileo, mbaki na kelele na idadi ya watu. Kama mwenye shughuli ni mtu wa nje na anataka baa iwe wazi kwa wageni wake 200, leseni ya klabu ya wanachama haimhudumii hata mngekuwa nayo tayari. Hapo huombwa leseni ya muda ya shughuli hiyo, na mwenye kuiomba awe ndiye atakayeuza. Kwa kuwa kwa sasa hamna leseni yoyote, mwambieni ukweli kwamba mwezi ujao ni karibu mno, atafute ukumbi wa hoteli. Mkimkubalia, na maafisa wameshawajua, mtakuwa mmewapa siku, saa na kadi ya mwaliko.

Mpaka karatasi zitoke, kaunta ifungwe. Zile kreti zilizobaki zigawiwe wanachama bure kwa kura ya kikao, na muhtasari uandikwe. Ijumaa hii kutaneni kama kawaida, bao, drafti na mpira, kila mtu aje na chake kwenye mfuko wake, asiuziane mtu na mtu. Na mkinijibu, niandikieni umbali wa shule na madrasa iliyo karibu zaidi, mmeupima wenyewe kwa miguu na tepu, si kwa kukisia.